Nani Huja Kumtembelea?

Siku yangu ya pili kazini nilipewa fomu. Ilikuwa na kurasa nyingi, na mwenzangu wa zamu, mama wa makamo aliyeanza kazi katika nyumba ile kabla mimi sijazaliwa, aliniambia nisiogope. Nikae na mzee, nimuulize swali moja moja, nijaze kwa penseli; yeye angepitia baadaye. Ilikuwa fomu ya kupanga msaada ambao mzee angepewa mwaka unaofuata. Anaweza kuvaa mwenyewe? Anaweza kupanda basi peke yake? Anafanya kazi gani, kwa saa ngapi? Nani huja kumtembelea?

Mzee alivaa kofia ngumu, ile wanayovaa baadhi ya wenye kifafa ili wakianguka wasipasuke kichwa. Jina lake silitaji, ni lake. Alijibu kwa maneno machache, na Kijerumani changu kilikuwa kichache pia, kwa hiyo hakuna aliyemzidi mwenzake. Tulipofika kwenye swali la wageni alisema neno moja: "Jumapili." Nikamuuliza nani. Akarudia: "Jumapili." Nikafungua faili lake. Ndugu: hakuna. Wageni: hakuna. Mwenzangu akasema basi andika "hakuna", tuendelee.

Niliiacha nafasi ile tupu. Haukuwa ujasiri. Swali lenyewe lilikuwa limenikumbusha mtu mwingine, na kwa muda sikuweza kuandika chochote.

Nilikuwa nimefika Bielefeld, mji wa kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, kwa mafunzo ya vitendo ya miezi sita, sehemu ya shahada yangu ya uzamili ya ustawi wa jamii. Nyumba niliyopangiwa ni ndogo, ya wakazi wachache wenye ulemavu wa aina mbalimbali, na haiko mbali na mtaa unaoitwa Bethel. Wenzangu darasani walishangaa. Ukipata nafasi ya kwenda Ujerumani si unaomba Berlin au Hamburg? Niliwajibu kwamba Bielefeld ndiko walikonikubali, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, nayo inaanzia Korogwe.

Nimekulia Korogwe. Kwetu mtoto akifanya jambo la ajabu huambiwa, "Wewe wa Lutindi wewe." Wengine nchini husema Mirembe, kwa maana ya hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, sisi tuna yetu milimani, katika safu ya Usambara, na ni ya zamani kuliko Mirembe. Nililisema neno hilo mara nyingi nikiwa mdogo, nikacheka na wenzangu, mpaka siku shangazi yangu alipopelekwa huko kweli.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alianza kuanguka akiwa msichana. Ana kovu linaloanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni, la siku aliyoangukia mafiga. Chungu kilikuwa kinachemka na jikoni palikuwa na watu, lakini walikimbia, kwa sababu waliamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa na wewe utaanguka. Aliyemtoa motoni alikuwa mtoto ambaye hakuwa bado amefundishwa kuogopa. Hakuolewa. Alibaki kwa bibi, kisha kwetu. Nilipokuwa darasa la tatu hali ilizidi, akaanza kusikia sauti, akapelekwa Lutindi. Alikaa miezi minane. Kutoka nyumbani kwetu si safari: unapanda gari, kisha barabara ya vumbi inapanda mlima. Baba alituma hela mara mbili. Hakuna aliyekwenda kumtembelea.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nikisoma kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, ndipo nilipokuta kwamba hospitali ile ya mlimani na mtaa wa Bethel ni ndugu wa damu.

Bethel ilianza mwaka 1867. Waprotestanti wa eneo la Westfalia na Rhineland walifungua nyumba nje kidogo ya Bielefeld kwa ajili ya vijana wenye kifafa, ugonjwa ambao Wajerumani wa zamani waliuita kwa neno lenye maana ya maradhi ya kuanguka. Shuleni hawakutakiwa, kiwandani hawakutakiwa, na hospitali nyingi hazikuwa na la kuwafanyia. Mwaka 1872 alikuja kuiongoza mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Miaka mitatu kabla, Januari 1869, yeye na mkewe walikuwa wamezika watoto wanne ndani ya wiki mbili, wote kwa kifaduro. Wanaoandika habari zake hawakosi kulitaja hilo, nami naelewa kwa nini. Mtu aliyezika watoto wanne haoni tena mtoto wa mwenzake kuwa mzigo, au angalau ndivyo tunavyopenda kuamini.

Chini yake nyumba ile iligeuka mji. Kulikuwa na karakana za useremala, mashamba, duka la mikate, kanisa, shule na makaburi. Masista walikuwa na nyumba yao, Sarepta, na mashemasi wanaume yao, Nazareth, na majengo mengine pia yakapewa majina ya Biblia. Hospitali ya kifafa ya leo inaitwa Mara. Wiki ya kwanza nilipokiona kibao chake nilisimama nikacheka peke yangu barabarani, nikiuwazia Musoma. Kuanzia mwaka 1908 Bethel ilichapisha hata fedha yake, ambayo watu waliitumia katika maduka ya hapohapo. Kauli ya Bodelschwingh ilikuwa kazi badala ya sadaka: kila mtu apewe la kufanya, hata likiwa dogo kiasi gani, kwa sababu anayefanya kazi hanyooshi mkono. Ni wazo zuri. Liweke akilini, msomaji, maana litarudi likiwa na sura nyingine.

Wazo hilo lilivuka bahari. Mwaka 1896, wakati pwani yetu ikiwa chini ya Wajerumani, chama kimoja cha Kiprotestanti kutoka Ujerumani kilifungua kituo Lutindi kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Nazareth, nyumba ya mashemasi kule Bethel, ilitoa watumishi. Watoto walikuwa wametoka makwao mbali, wengine bila kujua hata jina la kijiji chao, wakalelewa mlimani kwenye ukungu, wakafundishwa kusali na kulima. Kadiri misafara ya watumwa ilivyopungua, ndivyo watoto wapya walivyopungua. Kufikia mwaka 1905 kituo kilikuwa kimeanza kupokea watu wa aina nyingine: wenye maradhi ya akili. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa hospitali inayotajwa kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki.

Nikisoma tarehe hizo huwa nasita. Mwaka huohuo wa 1905, mwezi Julai, vita vya Majimaji vilianza katika milima ya Matumbi. Serikali ileile ambayo chini yake wagonjwa walipewa kitanda na jembe kule Usambara ilichoma mashamba na maghala kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanafikia hata 300,000. Sisemi kwamba mashemasi wa Lutindi walichoma ghala la mtu. Ninachosema ni kwamba huruma na unyama viliweza kukaa chini ya bendera moja, mwaka mmoja, bila kimoja kumwona mwenzake. Nilidhani hilo ni jambo la ukoloni tu. Bielefeld ilinifundisha kwamba ni jambo la zaidi ya hapo.

Kwanza, nyumbani kwa mzee. Kijerumani hakina shikamoo. Wiki mbili za mwanzo mdomo wangu ulikuwa ukijiandaa kila nilipoingia sebuleni na kumwona mtu mwenye mvi, kisha haukuwa na la kusema. Walicho nacho ni namna mbili za kumwita mtu "wewe": moja ya mtoto, rafiki, ndugu na mbwa, nyingine ya mtu mzima usiyemzoea. Katika nyumba ile kanuni ilikuwa moja: kila mkazi anaitwa kwa ile ya heshima, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu vinginevyo. Haijalishi kama anavaa nepi, kama haongei, kama amekutemea chai. Siku moja nilikosea, nikamwita mama mmoja kwa ile ya mtoto. Hakusema kitu, lakini mwenzangu aliniita jikoni, akanieleza taratibu kwamba mama yule ana miaka sitini na tisa.

Usiku huo nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomwamkia shangazi. Sikukumbuka hata moja. Nyumbani tulimwamkia kila mtu: bibi, majirani, muuza samaki, fundi wa baiskeli. Shangazi alikuwa amekaa palepale mlangoni, nasi tulimpita. Hakuna aliyetukataza kumwamkia, na hakuna aliyetugombeza kwa kutomwamkia. Watoto hujifunza haraka nani anahesabiwa.

Asubuhi mzee wangu wa kofia alikwenda kazini. Bethel ina mahali ambapo, tangu mwishoni mwa karne ya 19, hupokelewa stempu zilizokwisha kutumika kutoka kila pembe. Watu wenye ulemavu huzikata kwenye bahasha, huzilowesha, huzikausha na kuzipanga, kisha zinauzwa kwa wakusanyaji. Siku niliyomsindikiza alinionyesha trei yake. Alikuwa amezipanga kwa rangi, si kwa nchi, kinyume na maelekezo, na hakuna aliyemsumbua. Kati ya stempu za bluu kulikuwa na moja yenye twiga na neno TANZANIA. Nikamwambia, "Hapa ndipo kwetu." Aliitazama, akanitazama, akaiweka mfukoni mwake. Msimamizi aliona, akageuka kuangalia dirishani.

Jioni nilikuwa ninasoma. Maktaba ilikuwa karibu na majira ya baridi ni marefu. Hapo ndipo nilipokutana na fomu nyingine.

Julai 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka, Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwafunga kizazi watu waliosemwa kuwa na magonjwa ya kurithi. Orodha ilitaja kifafa, upofu na uziwi wa kurithi, skizofrenia, na kile walichokiita upungufu wa akili wa kuzaliwa nao. Takriban watu 400,000 walifungwa kizazi. Kisha, Oktoba 1939, Hitler alitia saini barua fupi akairudisha nyuma tarehe yake iwe 1 Septemba, siku vita vilipoanza. Barua iliwaruhusu madaktari kuwapa "kifo cha huruma" wagonjwa wasiopona. Ofisi ya mpango huo ilikuwa Berlin, katika jumba la Tiergartenstraße 4, na ndiyo maana historia inauita T4.

Ofisi hiyo haikutuma askari kwanza. Ilituma fomu. Ukurasa mmoja kwa kila mgonjwa, ujazwe na kituo anakokaa. Jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia na asili, ugonjwa, miaka aliyokaa kituoni. Kisha maswali mawili niliyoyasoma mara tatu. Anafanya kazi gani, kwa maelezo kamili ya kiasi anachoweza kuzalisha? Na je, hutembelewa mara kwa mara, na nani?

Swali la pili halikuwa la upole. Mtu anayetembelewa ni mtu ambaye atakosekana. Kuna mama atakayekuja Jumapili na keki, akikuta kitanda kitupu atauliza. Asiye na mgeni anaweza kuondolewa na hakuna atakayegonga mlango.

Fomu zilikwenda kwa madaktari wataalamu, watatu kwa kila mgonjwa, ambao hawakumwona mgonjwa mwenyewe. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na kisanduku. Penseli nyekundu, alama ya kujumlisha: afe. Penseli ya bluu, alama ya kutoa: aishi. Waliowekewa nyekundu walichukuliwa kwa mabasi hadi kwenye vituo sita: Grafeneck, Brandenburg, Hartheim, Sonnenstein, Bernburg na Hadamar. Huko waliingizwa katika chumba kilichofanana na bafu, wakauawa kwa gesi. Ndugu walipokea barua ya rambirambi yenye sababu ya kifo iliyobuniwa. Kufikia Agosti 1941 wauaji wenyewe walikuwa wamehesabu watu 70,273, na katika daftari lililokutwa baada ya vita walikuwa wamepiga hesabu ya viazi, nyama na jemu ambavyo taifa lingeokoa kwa watu hao kutokula tena.

Kazi badala ya sadaka. Sasa unaona namna wazo zuri linavyoweza kuvuliwa koti likavishwa jingine. Bodelschwingh mzee alisema kila mtu ana kazi anayoweza, kwa hiyo kila mtu ana heshima. Wale wa Tiergartenstraße walianza upande wa pili: asiye na kazi hana heshima, kwa hiyo hana haja ya kuwapo. Maneno ni yaleyale, yamegeuzwa tu kichwa chini.

Fomu zilifika Bethel katikati ya mwaka 1940. Kiongozi alikuwa mtoto wa yule mzee, naye akiitwa Friedrich von Bodelschwingh. Alikataa kuzijaza. Rafiki yake, mchungaji Paul Gerhard Braune, aliyeongoza vituo vya Lobetal karibu na Berlin, aliandika waraka mrefu Julai 1940 akieleza alichokigundua kuhusu mauaji, akauwasilisha serikalini. Agosti akakamatwa na Gestapo, akakaa kizuizini hadi Oktoba. Bodelschwingh aliendelea kuchelewesha, kuandika barua, kuzungumza na wakubwa, hata na Karl Brandt, daktari wa Hitler aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa mpango.

Kama hadithi ingeishia hapo ningeipenda. Nilikuwa nimekuja na hadithi hiyo sandukuni: kituo kilichomlea shangazi yangu ni mtoto wa kituo kilichomkatalia Hitler. Lakini nilipozidi kusoma, haikuniacha nayo.

Bethel iliitii sheria ya 1933. Wagonjwa wake walifungwa kizazi katika hospitali zake yenyewe, chini ya viongozi walewale waliokuja kuzikataa fomu. Waliona kwamba kumzuia mtu asizae ni jambo moja na kumuua ni jambo jingine, na mstari wakauchora hapo katikati. Mwaka 1941, tume ya madaktari kutoka Berlin ilipokuja kuzijaza fomu yenyewe, madaktari wa Bethel walikuwa wamekwisha kuwapanga wagonjwa wao kwa makundi, kuanzia wanaofanya kazi vizuri hadi wasioweza chochote. Walifanya hivyo wakitumaini kuwaokoa wengi kadiri iwezekanavyo. Inawezekana walifaulu. Lakini ili uokoe wengi kwa njia hiyo lazima kwanza ukubali kuandika jina la mtu chini kabisa ya orodha.

Na kuna Septemba 1940. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 ndege za Waingereza zilidondosha mabomu Bethel, yakaua watoto waliokuwa wagonjwa pale. Magazeti ya serikali yalipiga kelele kuhusu mauaji ya watoto wasio na hatia, wakati serikali hiyohiyo ikiwaua watoto wa namna hiyohiyo kwingineko. Wiki hiyohiyo wagonjwa Wayahudi wa Bethel waliondolewa kwa amri, wakapelekwa Wunstorf, na kutoka huko Brandenburg, wakauawa. Kwao mstari haukushikiliwa.

Wagonjwa wengine wa Bethel waliponea kwa sababu nyingi zilizokutana: ucheleweshaji wa Bodelschwingh, jina kubwa la kituo, na hasira iliyokuwa ikipanda nchini. Tarehe 3 Agosti 1941 askofu Clemens August von Galen wa Münster alihubiri waziwazi dhidi ya mauaji, akiwauliza waumini nini kitampata kila mmoja wao atakapozeeka na asiweze tena kuzalisha. Mwishoni mwa mwezi huo vituo vya gesi viliamriwa visimame. Mauaji hayakusimama. Yaliendelea kwa njaa na kwa sindano katika hospitali nyingi mpaka mwisho wa vita.

Kuna mtu mwingine ninayemfikiria nikipita mbele ya hospitali ya Mara. Mwaka 1912 daktari kijana wa Freiburg, Alfred Hauptmann, aligundua kwamba fenobabito, dawa ya usingizi, inazuia kifafa. Ni ya bei ndogo, na mpaka leo ndiyo dawa ambayo mwenye kifafa wa kijijini kwetu huipata kwanza. Shangazi ameimeza kwa miaka mingi, akiikosa pale tu zahanati inapoishiwa. Hauptmann alikuwa Myahudi. Wanazi walimwondoa katika uprofesa wake Halle, wakamfunga Dachau mwaka 1938, akakimbilia Marekani, akafia huko mwaka 1948. Aliyezuia shangazi yangu asiangukie moto mara ya pili ni mtu ambaye kwa nchi yake hakustahili hata kitanda.

Jumapili ikafika, na nilikuwa zamu. Saa tisa alasiri kengele ililia. Mlangoni alisimama bibi mmoja mwenye fimbo na mfuko wa karatasi. Alinitazama, akatabasamu, akapita kama mtu anayeijua njia. Mzee alikuwa amekwisha kukaa mezani, kofia ikiwa imefutwa. Walikunywa kahawa, wakala mkate mtamu wa mfuko ule, na sikuwasikia wakizungumza zaidi ya maneno kumi. Alipoondoka nilimuuliza yeye ni nani kwa mzee. Alisema alikuwa mhudumu katika nyumba hii zamani, amestaafu miaka kumi na zaidi. Anakuja kila Jumapili. Si ndugu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumwandika.

Nilichukua penseli nikaandika: "Jumapili, saa tisa, mhudumu wake wa zamani." Kwenye swali la kazi niliandika stempu, kwa saa anazofanya, na nikaongeza kwamba anazipanga kwa rangi.

Fomu ya siku hizi si ile ya 1940. Ujerumani na Tanzania ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka mmoja, 2009. Sisi tukatunga sheria yetu mwaka 2010, wao wakarekebisha yao mwaka 2016. Maswali ninayomuuliza mzee yanatafuta apewe nini ili aishi apendavyo. Najua hilo. Lakini baadhi ya maswali ni yaleyale, na ninayeshika penseli ni mimi. Nikiandika "hakuna" kwa sababu nimechoka, au kwa sababu faili limesema hivyo, sijaua mtu, ila nimesaidia kidogo kumfanya awe mtu asiyekosekana.

Nami nilikwisha kusaidia kufanya hivyo zamani. Kama mtu angekuja kwetu na fomu nilipokuwa darasa la tatu akauliza shangazi anafanya kazi gani, tungesema hana kazi. Hivyo ndivyo tulivyosema, hata kwa watu wa sensa. Shangazi ndiye aliyechota maji yote ya nyumba ile, alfajiri, kabla jua halijampa kizunguzungu. Alichambua mchele na kusuka mikeka iliyouzwa sokoni kwa jina la mama. Hata lugha yetu ilitupa mwanya: kipofu, kiziwi, kilema, vyote katika ngeli moja na kiti na kisu. Wapo waliolichukua neno wakalifanya lao, kama viziwi wanavyoliweka katika jina la chama chao. Shangazi hakuwa na chama. Alikuwa na ndoo.

Baada ya zamu nilimpigia mama, nikamwomba ampe shangazi simu.

"Umpe shangazi? Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama. Nataka kumsalimia."

Ilichukua muda. Nilisikia kuku, nikasikia mama akieleza, nikasikia simu ikigongana na kitu.

"Shangazi, shikamoo."

Kimya. Nilidhani laini imekatika.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikamtajia jina langu.

"Si umeambiwa uko Ulaya?"

"Niko Ulaya, shangazi."

"Basi hela zinakwenda," akasema, akamrudishia mama simu.

Nimempigia tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Ya tatu aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kama huko niliko kuna mtu anayechota maji. Nilimwambia maji yanatoka ukutani. Hakuamini. Nilimweleza habari za mzee wa stempu. Akauliza, "Naye huanguka?" Nikasema ndiyo, naye huanguka. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Nani huenda kumwona?"

"Kuna bibi mmoja. Kila Jumapili."

"Haya," akasema. "Amepata."

Hakusema zaidi, wala mimi sikuweza. Miezi minane ya Lutindi ilikuwa kati yetu, na sote tulijua idadi ya Jumapili zilizomo ndani yake.